Mashuka Upande wa Barabara

Nchi yetu ni ndogo: ukipiga chafya mpakani, wanakuombea afya pwani. Dhahabu hatuna, mafuta hatuna. Tuna karanga kidogo, samaki kidogo, na jua. Jua ndilo tunalouza. Wageni wanakimbia baridi ya kwao, wanakuja kulala chali ufukweni, na usiku wanalalia mashuka niliyofua mimi. Sina ugomvi nao. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi kwa kweli nilikuwa nimepona. Nilinunua mashine ya kufulia, mtumba lakini inazunguka, na mdogo wangu akaacha kuuza vocha juani akaja kunipigia pasi.

Hoteli yenyewe iko mbele ya nyumba yangu. Sisemi karibu, nasema mbele. Unatoka uani, unavuka barabara ya uwanja wa ndege, unagonga mlango wao wa nyuma. Kamba zangu zilikuwa kwenye kile kipande cha ardhi kati ya ua na barabara, ambapo jua linapiga tangu asubuhi na upepo wa bahari unakuja bila kuitwa. Shuka ukilianika pale, ukimaliza chai yako limekauka. Mkokoteni ukijaa, tunausukuma ng'ambo, kazi imekwisha.

Basi zikaja habari kwamba tunaletewa ndege ya moja kwa moja. Zamani wageni walikuwa wakibadilisha ndege nchi jirani, wanafika wamenuna na mabegi yamepotea. Sasa watatua kwetu, hakuna kupitia kwa mtu. Redio ikaimba wiki nzima. Barabara ikawekwa lami mpya, ikachorwa mistari. Na Shemeji, mume wa mdogo wangu, fundi wa kuchomelea aliyekaa nyumbani bila kazi mpaka tukaanza kumwita Mwenyekiti kwa jinsi alivyokizoea kiti, akapata kibarua cha kujenga uzio wa mabati. Tukapiga vigelegele. Nikamchinjia kuku kwa mkono wangu. Tulidhani ni uzio wa uwanja wa ndege.

Siku aliyotokea na nguzo zake mbele ya kamba zangu, hakuniangalia usoni.

"Shemeji," nikamwambia, "umepotea njia?"

"Sijapotea. Ramani ndiyo imepita hapa."

"Ramani haina macho. Wewe unayo."

"Shemeji, nisipojenga mimi atajenga mwingine."

"Si ajenge huyo mwingine, nimtukane nishibe! Wewe nitakutukanaje, na watoto wako wananiita mama mkubwa?"

Mdogo wangu akasimama katikati yetu, pasi mkononi, hajui amfokee nani. Kikulacho ki nguoni mwako, nilisema hivyo hivyo, akiwa anasikia. Tangu siku hiyo sikuitikia salamu ya Shemeji.

Mwenye amri alikuwa bwana mmoja wa kamati ya mapokezi. Jina lake sikulishika, maana hakumaliza sentensi bila kusema mandhari, nasi tukamwita Bwana Mandhari.

"Mama," akaniambia akiwa ndani ya gari lake, "mgeni akitoka uwanjani, barabara hii ndiyo kitu cha kwanza anachokiona. Hatuwezi kumpokea na nguo zinazoning'inia. Tunalinda mandhari."

"Hizo nguo ni mashuka yake mwenyewe huyo mgeni."

"Si lazima ajue."

"Na mlango je? Nitapitisha wapi mkokoteni?"

"Mwisho wa uzio, kule kwenye mzunguko wa magari. Ni kwa ajili ya taifa, mama."

"Kwani mimi ni wa taifa gani?"

Akapandisha kioo. Watu hawa wana kioo cha gari kwa kila swali.

Kwa hiyo wakatujengea barabara ya kutuunganisha na dunia, wakatukata na ng'ambo ya barabara. Kamba zangu zikahamia uani, na huko asubuhi uzio unazuia jua, alasiri nyumba inalizuia, uani pakawa kivuli kutwa. Mashuka yakaanza kutoa ule uvundo wa nguo iliyokaukia chumbani. Meneja wa hoteli akarudisha mzigo mzima. Hakugomba, na afadhali angegomba. Akaniambia taratibu kwamba siku ya ndege vyumba vyote vimejaa, na mashuka yakinuka au yakichelewa siku hiyo, kazi anaipa kampuni ya mjini yenye mashine za kukaushia, na hatarudi nyuma.

"Nitasikitika sana," akasema.

Asikitike na nani! Bila hoteli ile, mashine yangu inageuka kabati, na mdogo wangu anarudi juani na vocha.

Halafu wakaja wachoraji. Nikazunguka mpaka barabarani kuangalia walichofanya. Minazi. Samaki wanaocheka. Na hapo hapo mbele ya nyumba yangu, mwanamke mnene kidogo, beseni la nguo kichwani, meno yote nje, chini yake KARIBUNI kwa herufi kubwa. Yaani mimi mwenyewe wamenifungia ndani, halafu wakanichora nje! Na hata jasho hawakumchora. Nilimtazama yule mama mpaka mpita njia akaniuliza kama tunafahamiana.

Siku ya ndege ikafika. Mzigo wa mwisho ulipotoka kwenye mashine, mdogo wangu akaanza kuutandaza uani kwenye kile kivuli, uso umemshuka.

"Acha," nikamwambia. "Leta ngazi ya mumeo."

"Ya nini?"

"Jua liko upande wa pili. Tunalifuata."

"Dada, watatukamata."

"Watukamate tumeshakauka. Leta ngazi!"

Tukajaza mkokoteni, tukazunguka njia yote ile mpaka kwenye mzunguko na kurudi, jasho linatutoka. Kwanza nikasugua rangi ya uzio kwa kitambaa chenye maji nione kama inachuja. Haikuchuja, angalau kwenye rangi hawakuiba. Nikafunga kamba nguzo hadi nguzo, tukaanika. Mashuka meupe yakafunika minazi, yakafunika samaki, yakamfunika yule mama na meno yake. Upepo ukaja. Loo, nilikuwa nimeusahau upepo ule! Mdogo wangu akacheka mara ya kwanza tangu uzio usimame, kisha nikamtuma azunguke arudi ndani akawashe pasi.

Ndege ikapita juu ya vichwa vyetu ikielekea kutua. Muda si muda gari la Bwana Mandhari likafunga breki mbele yangu. Nyuma walikuwa wamekaa vijana wawili wa kupaka rangi, na Shemeji na vifaa vyake, aliyeamriwa awepo siku hiyo lisije bati likalegea mbele ya wageni.

"Nini hiki?" Bwana Mandhari aliruka chini. "Toa takataka hizi! Wageni wakishagongewa pasipoti tu, basi lao linapita hapa!"

"Takataka zina nembo ya hoteli, baba. Soma pembeni hapo."

"Vijana, yatoeni!"

Vijana wakasogea na mikono yao yenye rangi. Kabla sijafungua mdomo, ng'ambo ya barabara mlango ukabamizwa na Meneja akaja mbio, tai imemrukia begani.

"Msiguse mashuka yangu na mikono hiyo! Vitanda vyangu viko uchi!"

Wakubwa wawili wakasimama wakitazamana, kila mmoja akimsubiri mwenziwe aniamuru. Nilifurahi, kwa nini nidanganye. Nikashika shuka la karibu. Kavu, linanukia jua.

"Yako tayari?" Meneja akauliza.

"Yamekauka. Tayari bado. Wewe hupokei shuka lisilopigwa pasi, na pasi ziko hapo nyuma ya bati. Nikizunguka kwenda na kurudi, wageni wako watalalia magodoro matupu. Nataka mlango, hapa. Bila mlango sizunguki tena, leo wala kesho, hata mkampe kazi nani."

Hiyo ya mwisho ilinitoka tu. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Mlango gani!" Bwana Mandhari akang'aka. "Uzio umeshakabidhiwa! Fundi, panda ngazi, kata kamba hizo zote sasa hivi!"

Shemeji akashuka garini polepole. Akatazama kamba, akatazama mashuka, akanitazama mimi, usoni. Nami nikamkazia macho. Akainama, akachukua ile mashine yake ya kukatia chuma.

"Mke wangu!" akapaza sauti juu ya uzio. "Nirushie waya wa umeme!"

Waya ukaruka juu ya bati hapo hapo. Kumbe mdogo wangu alikuwa amebandika sikio muda wote.

"Kukata kamba unahitaji umeme?" Bwana Mandhari akauliza.

"Hii kamba ni ngumu, mzee."

Akaniashiria nitoe mashuka mawili ya katikati. Nikayatoa, na yule mama wa beseni akachomoza akicheka. Shemeji akavaa miwani yake, akaweka mashine kwenye bati, juu kidogo ya beseni, cheche zikaruka.

"Fundi! Fundi! Hutapata kazi ya serikali tena maishani mwako!"

Shemeji akazima mashine, akageuka. Alijua vizuri anachopoteza.

"Mzee, nimekula kuku wa mtu halafu nikamfungia njia. Tangu siku hiyo silali. Niache nimalize."

Akawasha tena. Akakata upande huu, akakata juu, akakata upande ule, akamzunguka yule mama mzima na karibuni yake, kisha akampiga teke. Bati likaangukia barabarani kwa kishindo. Nyuma yake alikuwa amesimama mdogo wangu, pasi inatoa moshi, machozi yanamtoka.

"Shemeji," nikamwambia, "umeamkaje?"

"Salama, shemeji," akajibu, na kufuta uso kwa mkono.

Tulifanya kazi siku ile! Shemeji anaingiza mashuka, mdogo wangu anapiga, mimi nakunja. Hata Meneja alishika ncha mbili za shuka, akafundishwa kukunja. Mkokoteni ulipojaa nikausukuma kupitia mlango wangu, kisha nikarudi, yaliyobaki nikayabeba kifuani mpaka kidevuni.

Basi la wageni likanikuta katikati ya lami mpya. Likasimama, maana sikuwa na haraka. Madirishani wakajaa watu, wanapunga mikono na kupiga picha. Bwana Mandhari akanisogelea, midomo haichezi.

"Basi angalau tabasamu, mama," akanong'ona. "Wapungie."

Nikamwonyesha kwa kidevu bati lililolala pale chini, na yule mama wake na meno yake yote.

"Mwambie huyo," nikasema. "Mimi nimebeba."