Mnyonyaji wa Kushoto

Kiwanda cha chapa cha Igogo kilikuwa na wanyonyaji sita, na wote sita Machibya aliwapenda.

Walikuwa vikombe vya mpira mweusi, vidogo kama vizibo vya soda, vimepangwa safu moja juu ya rundo la karatasi pale mashine inapoanzia. Pampu ikivuta upepo vinashuka, vinanyonya karatasi ya juu, moja tu, vinainyanyua na kuikabidhi kwa meno ya chuma yanayoipeleka kwenye wino. Halafu vinarudi kuchukua nyingine. Karatasi elfu nne kwa saa, siku ambayo umeme umekuwa na adabu.

Kila kikombe kilikuwa na skrubu yake ya kuongeza na kupunguza upepo. Karatasi nene kama ya kalenda, unaongeza. Karatasi nyembamba, unapunguza, la sivyo kikombe kinanyanyua mbili kwa mpigo: ya juu inapata maandishi, ya chini inapita tupu kama ilivyotoka dukani.

Jina lao lilitoka kwa Otuoma, mwaka sabini na nne, mashine ilipoletwa kwa treni ikiwa vipande vipande. Enzi hizo mnyonyaji alikuwa adui wa taifa: tajiri, kabaila, mtu anayekula jasho la wenzake. Fundi aliyeifunga mashine akawaonyesha wafanyakazi vile vikombe, akasema kazi yao ni kunyonya. Otuoma, kijana wa Shirati wakati huo, akajibu kutoka nyuma, "Basi hawa ndio wanyonyaji pekee walioruhusiwa kiwandani." Watu walicheka mpaka mwenyekiti wa tawi, aliyekuja kuhutubia, akasahau hotuba. Tangu siku hiyo vikawa wanyonyaji, na wakahesabiwa kama watu. Huyu leo anakohoa. Yule amechoka. Wa tatu ameshiba vumbi, msafishe.

Wa kushoto ndiye aliyekuwa mkorofi. Skrubu yake ilikuwa imelika, hatulii ulipomwacha. Machibya alikuwa akimrekebisha kwa kidole gumba: anakiweka chini ya mpira, anasikilizia unavyomvuta, anazungusha robo, tena nusu ya robo. Hakuna kitabu kilichomfundisha hayo. Shule yake iliishia darasa la nne, Magu. Alifundishwa na Selina.

Selina, mkewe, alikuwa mlisha karatasi kwenye mashine ya zamani, ile iliyolishwa kwa mkono. Alikuwa akiinama juu ya rundo, anapuliza pembe, *fuu*, karatasi ya juu inajitenga na wenzake, anaichukua kwa ncha ya kidole bila kuikunja. Kutwa nzima hakosei hata moja. Machibya alipojaribu alinyanyua tatu, akachana ya nne. "Wewe unainyang'anya," Selina alimwambia, akicheka. "Usiinyang'anye. Iombe." Mwaka huohuo Machibya alimposa.

Wanyonyaji walipokuja, kazi ya Selina iliisha. Wakubwa wakamhamishia ghala la karatasi, ghala lililovuja kila mvua ikinyesha. Machibya aliandika barua tatu kuomba paa lizibwe. Zote tatu zikajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Miaka kumi na tisa Selina alivuta hewa ya pale ndani, na mwaka tisini na tatu kifua kikamchukua kwa homa ya siku nne. Wakubwa wakaleta shada la maua na hotuba ya dakika ishirini. Paa wakaliziba mwezi uliofuata, maana shehena mpya ya karatasi ilikuwa njiani na karatasi hazitakiwi kuloa.

Machibya hakuwasamehe, na hakuficha. Lakini kwa mashine hakuwa na kinyongo. Mashine haikumjibu kwamba suala linashughulikiwa. Kila asubuhi, kabla hajaiwasha, aliwafuta wanyonyaji mmoja mmoja kwa kitambaa laini, na akimfikia wa kushoto humwambia, "Leo tafadhali. Iombe."

Sasa ukawa mwaka tisini na sita, na kiwanda kilikuwa kinauzwa. Mnunuzi angekuja Ijumaa. Kabla hajafika, meneja, Bwana Pius, alitakiwa kuwa na orodha ya watakaopunguzwa kazini. Neno hilo, kupunguzwa, lilikuwa na maana moja tu mjini siku zile. Mtu akisema fulani amepunguzwa, wanawake hushika vichwa. Machibya alikuwa na miaka hamsini na sita. Watoto walishaolewa na kuhama. Nyumbani palibaki kitanda, redio na picha ya Selina. Wakimtoa kwenye ile mashine, asubuhi angeamka amfute nani?

Jumanne alikuwa anachapa kalenda za kiwanda cha minofu ya sangara, karatasi nene, upepo umefunguliwa wote. Zamu ya mchana ingechapa ratiba ya mapokezi ya mnunuzi, karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Otuoma, mwenye zamu hiyo, hakuwa na desturi ya kufika kabla mwenzake hajaondoka. Tangu sabini na nne alikuwa njiani. Kwa hiyo waliachiana maagizo kwenye kipande cha kadibodi kilichotundikwa kwa waya mbele ya mashine. Machibya akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika kwa herufi kubwa:

MNYONYAJI WA KUSHOTO AMEZIDI. APUNGUZWE LEO HII, POLEPOLE. AKIACHWA ATACHUKUA MBILI MBILI KAMA JUZI. MACHIBYA.

Akanawa mikono, akaenda zake.

Bwana Pius alikuwa na mwaka mmoja tu pale, ametokea ofisi za Dar es Salaam, na sakafu ya mashine aliikanyaga mara chache kwa sababu wino unachafua viatu. Habari za mwaka sabini na nne hakuzijua. Alichokijua ni kwamba ofisi yake ipo mkono wa kushoto ukiingia getini. Alijua pia kwamba juzi yake magari ya kiwanda, pikapu na Landrova, yalilala nyumbani kwake yote mawili. Siku hiyo, kwa bahati mbaya, alipita mbele ya mashine akielekea ghalani. Akasoma. Akasoma tena.

Jumatano asubuhi Teodora, karani wa meneja, alimfuata Machibya. "Shikamoo baba. Unaitwa kwa bosi. Amefura huyo, sijui kuna nini."

"Marahaba mwanangu. Hao hawakosi la kufura."

Bwana Pius hakumwamkia, ingawa umri ulimtaka. Kadibodi ilikuwa mezani kwake.

"Mzee Machibya. Haya umeandika kwa mkono wako?"

Machibya aliinamisha kichwa aone. Kitu cha kwanza alichokiwaza ni herufi. Darasa la nne lilikuwa likimwaibisha mara kwa mara. "Ni mkono wangu, bosi. Kama kuna herufi nimeruka, unisamehe."

"Herufi! Na unaandika mambo haya mara ngapi?"

"Karibu kila siku."

"Kila siku?"

"Tangu meneja wa kwanza."

Bwana Pius alilegeza tai. "Na yeye alikuwa anasemaje?"

"Yule alikuwa mtu wa watu. Alikuwa anakunja mikono ya shati, anakuja mwenyewe tunampunguza pamoja."

Kwenye chumba cha nje taipureta ya Teodora ilinyamaza.

"Huyu wa kushoto," Bwana Pius alisema, sauti imeshuka, "wewe umeona kwa macho yako akichukua mbili mbili?"

"Nimeona, bosi. Kiwanda kizima kimeona. Hata wateja wamelalamika."

"Wateja!"

"Sana. Lakini mimi simlaumu," Machibya alisema, na huruma ikamwingia aliposema hivyo. "Amezeeka vibaya. Kichwani amelika. Ukimkaza leo, kesho amelegea. Dawa yake ni kumshika taratibu, ukimweka kidole chini utasikia mwenyewe anavyovuta."

Bwana Pius akasimama. "Toka. Barua yako utaipata Ijumaa. Na kuanzia leo, kiwanda hiki hakuna mtu wa kumpunguza yeyote isipokuwa mimi. Teodora! Liandike hilo, libandikwe kwenye mashine."

Machibya alitoka. Alirudi kwa mashine yake akaisimamia mpaka zamu ikaisha. Kwamba angeondolewa alishaelewa. Asichokielewa ni kosa. Miaka ishirini na miwili, na kumbe kuandika vibaya kunatosha? Akakata shauri kwamba ndivyo wakubwa walivyo: wakishaamua kukutoa, hata nukta inatosha. Kabla ya kuondoka aliwafuta wanyonyaji wote sita, jambo ambalo kwa kawaida alilifanya asubuhi tu. Yule wa kushoto alimfuta mara mbili.

Mchana Otuoma alifika, akakuta karatasi za ratiba, zilizochelewa ghalani tangu jana yake, zimeletwa, na tangazo lenye mhuri: NI MARUFUKU MFANYAKAZI KUMPUNGUZA YEYOTE BILA IDHINI YA MENEJA. Akalisoma huku anatikisa kichwa. Halafu Teodora, aliyesikia kila kitu kupitia ubao wa ukuta, akamnong'oneza mazungumzo yote tangu mwanzo. Otuoma alikaa juu ya gunia la matambara, akacheka mpaka machozi. Alipomaliza kucheka akafuta macho, akaona jambo lenyewe si la kucheka tu. Mwenzake wa miaka yote anatolewa kwa sababu ya neno ambalo yeye, Otuoma, ndiye aliyelitunga.

"Sawa," alisema. "Amri ni amri."

Akapakia karatasi nyembamba, akawasha mashine na upepo uleule wa kalenda.

Alhamisi saa tatu asubuhi Bwana Pius alikuja mwenyewe kuchukua ratiba zake mia tano. Otuoma alikuwepo, ingawa si zamu yake, na Machibya alikuwa anapaka grisi, kichwa chini. Bwana Pius akafungua furushi. Ya kwanza, Karibu Mgeni Wetu, imechapwa vizuri. Ya pili tupu. Ya tatu imechapwa. Ya nne tupu.

"Hii ni nini?"

"Ni mnyonyaji wa kushoto, bosi," Otuoma alisema, ametulia kama padri. "Alikuwa anachukua mbili mbili."

"Wewe pia!"

"Mimi nilitaka kumpunguza tangu jana. Nikakuta tangazo lako. Nikaogopa."

Otuoma akabonyeza swichi. Pampu ikaguna, vikombe sita vikashuka. Akanyoosha kidole hadi karibu kabisa na kile cha mwisho, na Bwana Pius, kwa mara ya kwanza tangu aletwe Mwanza, akainama kutazama mashine iliyokuwa ikilipia kiti chake. Kikombe kikanyanyua karatasi. Nyuma yake ikafuata nyingine, imeng'ang'ania kama mtoto mgongoni.

"Huyo," Otuoma alisema, "ndiye mnyonyaji. Skrubu yake hiyo hapo juu, kichwa kimelika. Tunamwita hivyo tangu wewe uko shule ya msingi."

Bwana Pius alibaki ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Shingo yake ilibadilika rangi. Machibya naye aliinua kichwa polepole, akawatazama wote wawili, akarudia maneno ya jana moja moja: wa kushoto, kila siku, kiwanda kizima kimeona, amelika kichwani. Mkebe wa grisi ukamponyoka.

"Bosi," alisema, "ulidhani ni wewe?"

"Mtu yeyote angedhani."

"Mimi nimeshakutukana mara nyingi. Wewe na waliokutangulia, tangu mke wangu afe. Lakini nikiwatukana natumia mdomo. Kadibodi ni ya kazi."

Otuoma aligeukia ukutani, mabega yanatetemeka. Bwana Pius akaangalia saa. Mnunuzi kesho, ratiba nusu tupu. Akashika ile skrubu mwenyewe, labda ili aonekane naye anajua, akazungusha mzunguko mzima. Kikombe kikashuka na kurudi mikono mitupu. Akarudisha. Karatasi tatu zikaja pamoja na kujikunja kwenye meno, mashine ikakwama kwa kishindo.

"Unainyang'anya," Machibya alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe kwa upole wake. "Sogea, mwanangu."

Akatoa zilizokwama. Akaweka kidole gumba chini ya mpira, akafumba macho. Robo. Nusu ya robo. Akapuliza pembe ya rundo, *fuu*, akawasha. Moja. Moja. Moja. Zilipita kama wanafunzi wanaotoka kanisani kwa foleni, na kabla ya saa tano ratiba mia tano zilikuwa mezani, hakuna iliyo tupu.

Samahani haikutamkwa. Watu wa ofisini nadhani hawafundishwi neno hilo. Ila mchana Teodora alipita mbele ya mashine akiwa na karatasi mbili, ile orodha ya zamani na ile mpya aliyoambiwa aipige upya, na alipomfikia Machibya akazishusha kidogo, kama mtu aliyechoka mkono. Kwenye mpya jina lake halikuwemo. Mnunuzi hawezi kuonyeshwa mashine isiyo na mtu wa kuiendesha. Hata Bwana Pius aliweza kufikiria mpaka hapo. Mwaka mwingine labda wangekumbuka tena. Wakubwa wana Ijumaa nyingi.

Kulikuwa na sharti moja. Kuanzia siku hiyo neno mnyonyaji lisiandikwe tena mahali popote kiwandani. Watafute jina jingine.

"Tumwiteje sasa?" Otuoma aliuliza baadaye mchana huo, siku ambayo kwa maajabu walikutana wakati wa kupokezana. "Mvutaji? Watasema anavuta bangi."

Machibya alisubiri mwenzake aende kunawa, akachukua kadibodi mpya na kalamu ya wino mzito. Aliandika polepole, akichunga asiruke herufi, akatundika, akachukua kofia yake akatoka kabla hajaulizwa.

Otuoma aliporudi alilisoma akiwa amesimama, mikono inachuruzika maji:

SELINA WA KUSHOTO LEO YUKO SAWA. ANACHUKUA MOJA MOJA. ASIPUNGUZWE.