Nilivyomkana Dada Yangu

Dada yangu alizalisha wanawake kwa miaka ishirini na sita. Ilikuwa hatuwezi kwenda sokoni bila kusimamishwa. "Shikamoo mama mkunga, huyu ndiye yule wako, ona alivyorefuka!" Naye angemtazama mtoto juu hadi chini, kisha amwambie mama yake, "Huyu alitanguliza miguu, alitutoa jasho." Hakusahau hata mmoja. Watoto wa watu wote walikuwa wake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujaliwa kupata, na mume wake alitangulia mbele ya haki mapema.

Mimi ni mdogo wake wa kike, fundi cherehani. Tunaishi pamoja katika nyumba waliyotuachia wazazi: vyumba viwili, jiko uani, na baraza mbele ambapo nimeweka cherehani yangu. Wateja wangu wengi ni wanawake wa kanisani kwetu. Mwaka ule nilikuwa nimepewa kazi ya kushona sare za kwaya nzima, na nilijiona nimefika.

Siku ya msiba dada alikuwa ameunganisha zamu mbili, kwa sababu mwenzake hakutokea na muuguzi mkuu alimwambia, "Wewe ni mkongwe, jikaze." Saa nane mchana alikuwa na binti mmoja wa uzazi wa kwanza. Alitakiwa kumsikiliza mtoto mapigo ya moyo kila baada ya nusu saa. Alikaa kwenye kiti ajaze faili, usingizi ukamchukua. Dakika arobaini. Alipozinduka na kuweka ile pembe ya kusikilizia tumboni, mapigo yalikuwa yanasikika kwa mbali sana. Akapiga kelele, daktari akatafutwa, hakuonekana. Alipokuja kuonekana kazi ilikuwa imekwisha. Mama alipona. Mtoto alizaliwa hana uhai.

Wahusika wote waliitwa mbele ya kamati ya hospitali. Muuguzi mkuu alisema hakumlazimisha mtu kuunganisha zamu. Daktari alisema simu yake haikuwa na mtandao. Kila mmoja alijiosha akatakata. Ilipofika zamu ya dada, alisema, "Nililala. Yule binti alinitegemea, nikalala." Mwenyekiti wa kamati akafunga faili kama mtu aliyepunguziwa kazi. Wiki hiyo hiyo unga ukamwagika. Akarudi nyumbani na viatu vyake vya wodini ndani ya mfuko wa plastiki.

Kanisani alikuwa anafundisha watoto. Mwenyekiti wa akina mama alikuja na wenzake wawili, wakakaa kwenye ukingo wa viti kama watu wanaoogopa kuchafuka.

"Dada, sisi hatukuhukumu," alisema. "Ni wazazi tu, si unajua watu. Wanauliza maswali. Pumzika kidogo kufundisha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka upepo upite."

Mchungaji naye alikuja mara moja. Chai hakunywa, alikuwa na kikao. Alimwambia dada kwamba Mungu hampigi mtu bure, ajichunguze. Kisha akasali sala ndefu, akimtaja dada na kosa lake, tena na tena, mpaka nikahisi anamsomea mashtaka mbele ya hakimu. Alipoondoka dada aliingia chumbani, na kutoka siku ile hakuvuka tena kizingiti cha mbele. Akaacha kuoga. Nywele zikamshikamana. Kitu pekee alichoendelea kufanya ni kunipikia chai saa kumi, maana alijua nikishona nasahau tumbo.

Na mimi je? Ningependa kusema nilisimama naye. Ukweli ni kwamba nilianza kushusha pazia la dirisha la barazani wateja wakija.

Siku moja nilikuwa nampima mwanakwaya mmoja mgeni mabega. Alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye domo. Akaniuliza, "Hivi yule mkunga aliyeua mtoto anaishi humu humu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ndugu yako?"

Kipimo kilikuwa shingoni mwangu, pini zimejaa midomoni. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kufikiri wakati nazitoa moja moja. Nikasema, "Hapana. Ni mpangaji tu."

Pazia likatikisika. Upepo haukuwepo.

Nilishona mpaka saa kumi bila kujua nashona nini. Kisha nikasikia sauti ya dada kutoka uani, ya kawaida kabisa, haina hasira, haina machozi: "Mwenye nyumba, chai yako inapoa."

Nikaenda nikainywa. Nilijitia hamnazo, yeye akatazama ukutani.

Mwezi wa tatu hivi tangu msiba ule, akaja mama mmoja mzee, mfupi, magoti yamepinda kwa nje. Wodini walimwita Bi Dekio, kwa sababu alikuwa anadeki korido ile tangu dada hajaajiriwa. Hakuniambia amekuja kumfariji mtu. Aliuliza, "Yuko wapi?" akapita moja kwa moja jikoni, akakuta vyombo vya siku mbili, akavua kanga ya juu, akaviosha. Kisha akabandika maji ya moto. Nikasikia sauti za beseni uani, nikachungulia: alikuwa amemkalisha dada kwenye kigoda anamwosha nywele, anazichambua fundo kwa fundo kwa vidole, huku akimsimulia habari za muuguzi fulani aliyeanguka kwenye sabuni na sahani ya wali wa daktari. Dada hakucheka. Lakini alikaa.

Akawa anakuja kila siku yake ya mapumziko. Siku ya nne au ya tano, nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni napiga pasi kola za sare, nikamsikia dada akisema, "Bi Dekio, wote walionijia walinihubiria. Wewe huna neno?"

"Mahubiri nilishiba zamani, mwanangu," alisema, huku anamenya viazi. "Mimi nilizaa nina miaka kumi na sita. Nikamwacha mtoto mlangoni mwa watu, nikakimbia. Niliporudi kesho yake sikumkuta, na sijui alikokwenda hadi leo nikiwa na mvi hizi. Kila aliyejua alikuja na maneno yake. Hakuna aliyeniuliza kama nimekula."

Bi Dekio akachukua kiazi kingine.

"Kwa hiyo neno ninalo moja tu, na si la kwangu. Unamkumbuka Petro? Yule aliyejigamba kwamba atakufa na Yesu, halafu wakati wenyewe ulipofika, mbele ya kijakazi tu, akasema huyo mtu simjui. Mara tatu. Basi baada ya mambo yote yale, Yesu amefufuka, anamkuta ufukweni na wenzake. Ungekuwa wewe ungemwambia nini?"

"Ningemuuliza kwa nini."

"Hata mimi. Tena ningemuuliza mbele ya wenzake. Yeye alikuwa amewasha moto, amewachomea samaki na mkate. Akawaita waje wale. Kwanza kula. Maneno yalikuja baadaye, mtu ameshashiba, na hata hayo hayakuwa ya kumsuta. Alimuuliza kama anampenda, kisha akampa kazi." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Huyo ndiye ninayemjua mimi. Hao wengine wanaomsemea, kila mtu na wake."

Nilisikia harufu ya kuungua. Pasi ilikuwa imetulia juu ya kola, imeiachia alama nyeusi ya umbo lake. Dada alitazama ile kola, hakunitazama mimi. Nilitaka kusema. Badala yake nikatoka nje kutafuta kitambaa kingine.

Wiki chache baadaye dada alioga mwenyewe, akavaa, akasema anakwenda kumwona yule binti aliyefiwa na mtoto. Nilimwambia, "Dada, usijitafutie makubwa." Akasema, "Sijakualika." Nikafunga cherehani nikamfuata.

Tulimkuta anaanika nguo kwenye uzio wa nyumba ya vyumba vingi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Alipomtambua dada, mikono yake ilibaki juu na shati limening'inia.

"Umekuja nikupe nini?" aliuliza.

"Sikuja kupewa kitu," dada alisema. "Nimekuja kukwambia kilichotokea, sijui kama walikwambia. Nililala. Ulikuwa unanitegemea, nikalala kwenye kiti. Nilipaswa kumsikiliza mtoto, sikumsikiliza. Basi, ndivyo ilivyokuwa."

Binti alishusha shati polepole.

"Waliniambia sikusukuma vizuri," alisema.

"Nani?"

"Wote. Yule mkubwa wenu, na daktari. Walisema nilibana miguu, nilikuwa mwoga. Mama mkwe alikuwepo akasikia. Mume wangu amenirudisha kwa kaka yangu kwa ajili hiyo. Miezi mitano kila nikiinama kufua najiuliza niliibana vipi." Akaanza kupumua kwa nguvu. "Miezi mitano! Na wewe ulikuwa unajua!"

"Hilo la kusukuma sikulijua. Ulisukuma vizuri. Ulifanya kila nilichokwambia."

Nilidhani atalia. Alichukua beseni la maji ya kufulia akammwagia dada kuanzia kifuani. Dada hakurudi nyuma.

"Ondoka. Nisikuone tena maisha yangu yote."

Tuliondoka. Watu walikuwa wamejaa milangoni. Tulipofika kona dada alikaa chini, pembeni mwa barabara, nguo zinachuruzika, akawa anarudia peke yake, "Walimwambia hakusukuma vizuri. Walimwambia hakusukuma vizuri." Nikakaa kando yake kwenye vumbi. Pale ndipo mdomo wangu ulipofunguka.

"Dada, nilisema wewe ni mpangaji."

"Nilisikia."

"Najua ulisikia."

"Mpangaji gani halipi kodi?" alisema. Akacheka kidogo, kicheko kibaya, kikamgeukia kilio, nikamshika. Maji ya sabuni yakaniingia mimi pia. Nilimwomba msamaha mara nyingi sana, bila mpangilio. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Twende, jua kali, na wewe hujala."

Mambo hayakuishia vizuri. Binti alikwenda kulalamika hospitalini pamoja na kaka yake, wakataja kila kitu. Muuguzi mkuu akahamishiwa hospitali kubwa zaidi, kwa cheo cha juu zaidi. Daktari yupo. Dada ndiye aliyeitwa tena, akanyang'anywa na leseni, kwa hiyo hata mtu akitaka kumwajiri hawezi. Mume wa yule binti hakumrudia; nasikia tayari ana mwingine. Kanisani wakasema dada ametia aibu taasisi nzima, alikuwa na haja gani ya kwenda kufukua mambo yaliyokwisha kuzikwa?

Natamani niseme kwamba nilikataa kuishonea ile kwaya. Sikukataa. Walituma mtu kuja kuchukua vitambaa vyao, pamoja na vile nilivyokwisha kuvikata. Wakati anavifunga nikamwambia, "Yule ni dada yangu, tumbo moja." Akanitazama kwa mshangao. Hakuwa ameniuliza.

Siku hizi nashona mapazia na foronya za watu wasiotujua. Kanisani tunakwenda, tunakaa benchi la nyuma, na benchi hilo huwa letu wawili hata ibada ikijaa hadi watu wanasimama. Nilipomuuliza Bi Dekio, ambaye husali hapo hapo ibada ya alfajiri, anaendeleaje kuja kusali na watu wa namna hii, alisema, "Kwani mimi nilikuja kwa ajili yao?" Yeye sasa magoti yamemshinda, amestaafishwa bila hata kuagwa. Lakini wadeki wenzake bado humpa habari: mwanamke fulani karudi nyumbani mikono mitupu, mtaa fulani, hana mtu. Anamwambia dada, dada anakwenda.

Hapeleki maneno. Anabeba kipande cha sabuni na mkate. Anaosha vyombo, anachemsha maji, anamkanda mwenye maziwa yaliyojaa bila mtoto wa kunyonya, maana maziwa huja tu, na hilo hakuna anayewatahadharisha. Wengine humng'ang'ania asiondoke. Wengine hawamwambii chochote. Siku moja nilimuuliza kama anajisikia nafuu kidogo. "Hapana," alisema. "Ila nikiwa pale siko peke yangu, na yeye hayuko peke yake."

Juzi alikwenda kwa binti mwingine aliyefiwa na mtoto, akarudi mapema kuliko kawaida. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba, na mkate alikuwa nao bado, umebonyea.

"Wamenijua," alisema. "Shangazi yake alikuwepo wodini siku ile."

Nilianza kufoka, nikitaka kujua ni nyumba ipi, ni shangazi yupi. Akaniashiria ninyamaze. Akakaa kwenye kigoda, akaweka kitambaa chenye maji baridi shavuni, macho yamefumba.

"Binti wa watu ana homa," alisema. "Titi moja ni gumu kama jiwe, na hao walioko naye hawajui. Wewe hawakujui. Nenda, nitakuelekeza la kufanya."

Nikachukua mkate na sabuni, nikakaa mbele yake anielekeze.