Hatua Kumi na Mbili Kutoka kwenye Kopo

Maji yalipopungua, ukingo wa mto ulikuwa umemegwa kama mkate, na mwalimu mstaafu wa hesabu alikuwa dirishani kwa mara ya sita tangu kupambazuka, kikombe mkononi, chai imepoa. Hakutulia. Alikaa, akainuka, akapangusa meza iliyokwisha kupanguswa.

"Baba, rekebisha ile namba," alisema binti yake, akisugua tope kwenye miguu ya kabati. "Au lifunge kabisa hilo kopo. Mto umekula mahali pale."

"Nitarekebisha."

"Juzi ulisema hivyohivyo."

Kweli alisema. Kopo lenyewe lilikuwa la mchezo: watu huficha kopo lenye daftari, huandika mtandaoni namba za mahali lilipo, na wageni hulisaka kwa simu ili watie saini. Hilo alilificha yeye na marehemu mkewe, chini ya mzizi wa mti ulio karibu na mto. Mkewe, mtu asiye na subira hata chembe, alinakili namba kabla simu haijamaliza kupima mahali, akakosea hatua kumi na mbili kuelekea majini. Wasakaji walilalamika miaka minne, naye akawacheka mpaka machozi. "Waache wahangaike kidogo, kwani miguu wameazima?" Baada ya mazishi, mwalimu aliyetumia maisha yake yote kusahihisha makosa ya watu kwa kalamu nyekundu alishindwa na hilo moja. Hakubakiwa na kitu kingine cha mkewe ambacho bado kilikuwa kikitania watu.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa mgeni kwenye ukurasa wa kopo: "Nimeshakaribia. Leo silikosi."

Mwalimu alitoka mbio na kandambili zake, binti akimwita nyuma. Tope lilimvua kandambili moja, hakurudi kuiokota. Aliogopa, na aliona aibu, na hakujua kipi kilikuwa kikimkimbiza zaidi.

Alimkuta mwanamke wa makamo mwenye koti la mvua, macho kwenye simu, akihesabu hatua kwa sauti. Nyasi mbele yake zilisimama vizuri tu, lakini kutoka ubavuni mwalimu aliona kwamba chini ya nyasi hizo hapakuwa na udongo.

"Simama! Usiinue mguu!"

"Mzee, zimebaki tano tu!"

"Namba ni ya uongo! Rudi nyuma, nakuomba!"

Mwanamke alirudi nyuma, hatua moja, mbili. Zile nyasi zikainama, kisha zikaondoka na kipande kizima cha ukingo. Akakaa palepale kwenye tope.

"Nani aliandika namba hii?" aliuliza, hasira na hofu vikigombania sauti yake. "Nani?"

Mwalimu alifungua kinywa amtaje mkewe.

"Niulize mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyeiacha."

Akatoa simu. Tarakimu sahihi alizijua kwa moyo tangu siku ile ya kwanza. Akafuta mbili za mwisho, akaandika nyingine, kidole kikiteleza kwa tope. Ukurasa ukamuuliza kama ana uhakika.

"Sina," mwalimu aliiambia simu, akabonyeza.