Faili la Pantaleo

Pantaleo alizikwa Jumamosi. Jumatatu saa mbili asubuhi kwenye simu ya mama yake, Mama Candida, ukaingia ujumbe: "Nimefika."

Ndio uliokuwa ujumbe wa mwanawe kila siku akifika dukani Kariakoo. Basi mama akakataa katakata kuondoa matanga. Nguo za marehemu zisigawiwe, mkeka usikunjwe. Aliyefika kazini anaombolezwaje?

Ndugu wakamkimbilia Husna. Yeye na Pantaleo walitengeneza vifurushi vya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa mashine za maduka: programu, hati ya maagizo yanayojiendesha yenyewe mashine ikiwashwa, na faili la mipangilio ya kuanzia. Ujumbe ule ulitumwa na hati, kwa namba iliyomo kwenye faili. Husna akatoa kifurushi kipya kisicho na namba yoyote, mashine ya dukani ikakipokea kwa mtandao. Kesho yake: "Nimefika."

Akatoa cha pili. "Nimefika." Hapo Husna, msomi wa watu, akaanza kusoma Ayatul Kursi kabla ya kugusa kibodi. Usimcheke, wewe ungekimbia mpaka Feri.

Siku ya nne akaenda mwenyewe kwenye duka lile la Kariakoo, la Anuari, muuza vitenge, ambaye sasa ndiye aliyekuwa akiiwasha mashine ile kila asubuhi. Akafungua faili. Namba ya Mama Candida ilikuwemo, Pantaleo ameiongeza mwenyewe, na juu yake maneno: "Mama hanywi chai mpaka ajue nimefika. Msifute."

Husna akalia mbele ya wateja. Kumbe hapakuwa na mzimu. Walikwishakubaliana zamani kwamba kifurushi kipya kikikuta faili lililobadilishwa kwenye mashine, kiliache lilivyo. "Mgeni hapangui vyombo vya mwenye nyumba," Pantaleo alizoea kusema. Husna alikuwa amesahau sheria yao wenyewe.

"Ukifuta ndo basi tena, dada?" Anuari akauliza.

"Ndo basi."

Alijiona kama anamzika mara ya pili, safari hii peke yake. Akafuta.

Kesho yake saa mbili ikapita. Saa tatu kasoro simu ya Husna ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Husna, leo hajafika."

"Ndiyo, mama. Hajafika."

Husna akasikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Haya," akasema Mama Candida. "Waambie waje wagawe nguo."