Mama Bei Moja na Tiketi za Meli

Sokoni wananiita Mama Bei Moja, na hawaniiti hivyo kwa kunisifu. Nauza masufuria, mabakuli, vifuniko na miiko, na bei nikishaitaja nimeitaja. Jirani yangu wa vyombo vya plastiki hupandisha bei asubuhi ili apate cha kushusha mchana, na wateja humshukuru wakiondoka, wamebeba ndoo kwa bei ile ile ya siku zote. Mimi siwezi. Mtu akiniambia, "Nipunguzie, Mama," namwambia arudishe sufuria pale alipoitoa, na ahakikishe mfuniko umekaa vizuri. Kwa hiyo sijui watoto wangu watatu waliuokota wapi huu ugonjwa wa punguzo. Kwa marehemu baba yao siyo, maana yule alikuwa akilipa hata alichopewa bure.

Safari ya meli walikuja nayo wenyewe, mimi sikuomba. Tangu tulipomzika baba yao hatujawahi kukaa mezani wote kwa pamoja. Kifungua mimba yuko kwenye kampuni ya bima na kila siku ana kikao. Binti yangu ni nesi, na zamu zake hazijui Jumapili wala sikukuu. Kitinda mimba anatengeneza simu za watu, lakini ya kwake ukiipiga haipokelewi. Wakija kunisalimia huja mmoja mmoja, kama wagonjwa kwa daktari. Basi waliponiambia wanataka kunipeleka kwenye meli ya starehe, familia nzima, siku kadhaa majini, nilifurahi, nasema kweli. Si kwa ajili ya meli. Nilichotaka ni kuwaona wote watatu mahali ambapo hakuna anayeweza kuondoka kabla chakula hakijaisha.

Jumapili iliyofuata wakajazana sebuleni kwangu, kila mmoja na simu yake mkononi. Nilidhani tutazungumza tunaondoka lini na tutavaa nini. Wapi! Ilikuwa punguzo, punguzo, punguzo, mpaka chai ikapoa.

"Ya kwangu inapitia ofisini," alianza kifungua mimba, akakohoa kidogo kama anavyowakoholea wateja wake. "Kampuni ina mkataba na wenye meli. Kundi likiwa na mzee, kundi zima linapunguziwa."

"Robo tu hiyo," nesi akamkata. "Mimi nimepata mtandaoni ambayo mmoja analipa, wa pili anapanda bure."

"Bure ya kulala karibu na injini?"

"Angalau yangu ina chakula. Ya kwako soma kule chini, kaka. Vinywaji unajilipia, mpaka maji."

Kitinda mimba alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, akiwasubiri wachoke. Huyo tangu utotoni ndivyo alivyo.

"Mimi nina chumba chenye dirisha kubwa na kibaraza chake," akasema. "Nusu bei. Na keki juu yake."

"Nusu ya bei gani?" nikamuuliza.

Akanionyesha simu. Bei kubwa imepigwa mstari mwekundu, na bei ndogo iko pembeni inang'aa. Mstari ule hata jirani yangu wa ndoo anaujua.

"Na wewe umeipataje?"

"Ni ofa ya kipekee, Mama. Kwa wateja maalumu."

"Maalumu kwa lipi?"

"Mama naye! Ni maalumu tu."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu yangu. Kifungua mimba anasema Mama ataandikishwa kwake, yeye ndiye mkubwa. Nesi anasema Mama atalala na yeye, wanawake kwa wanawake. Kitinda mimba anasema Mama anastahili dirisha. Wakapandishiana sauti hadi nikawaambia wapunguze, majirani watadhani kuna msiba. Lakini moyoni nilikuwa nimetulia tuli kama bibi harusi anayegombewa. Nilijiambia, kumbe wananipenda hivi! Mjinga mimi. Wakaondoka bila kukubaliana, ila kila mmoja akasema atashika nafasi kwa ofa yake, kisha watalinganisha bei ya mwisho na kufuta zile mbili zitakazoshindwa.

Siku mbili baadaye nilikuwa dukani, nimesimama juu ya stuli, natungua sufuria kubwa ya shughuli kutoka rafu ya juu. Simu ikaita. Nikaipokea na sufuria iko kwapani.

"Mama, shikamoo. Tunapiga kutoka ofisi ya safari za meli. Tunataka kuhakikisha tu, kiti chako cha magurudumu ni cha kukunja au kisichokunjika?"

"Kiti gani?"

"Cha magurudumu, Mama. Kwa kuwa hutembei, tunakuandalia njia ya kupandia. Na yule binti yako atakayekusukuma, nafasi yake ni ya bure."

Nikashuka kwenye stuli taratibu, si kwa sababu sitembei, ila kwa sababu ningemrushia mtu sufuria. Nikamwambia yule kijana kwamba miguu yangu yote miwili ninayo, inanibeba tangu alfajiri, na anayetaka kuihakiki aje sokoni. Akasema samahani, huenda kuna makosa. Nikamjibu makosa yapo, na mwenye makosa nimemzaa mwenyewe.

Sijakaa sawa, kifungua mimba akanipigia. Sauti tamu kama ya mtu anayeuza bima.

"Mama, wakikupigia kutoka kwenye meli wakiuliza umri, wewe sema sabini na mbili."

"Mimi nina sitini na moja."

"Najua, Mama, lakini punguzo la wazee linaanzia sabini. Niliona tuweke na akiba kidogo."

Akiba! Mwanangu wa kwanza, niliyemsomesha kwa masufuria haya, ameniongezea uzee na kuweka akiba juu. Nilimkatia simu. Damu ilikuwa inanichemka hadi mteja mmoja akarudisha bakuli mwenyewe bila kuambiwa, akaenda zake.

Bado nilikuwa na tumaini na kitinda mimba. Nilijisemea, yule ni mvivu lakini si mwongo. Kesho yake, duka likiwa halina mtu, akanipigia binti mwenye sauti ya upole.

"Hongera sana, Mama!"

"Ya nini, mwanangu?"

"Ya ndoa yenu. Miaka arobaini si mchezo. Sisi wote hapa ofisini tumefurahi. Kampuni inawapa wewe na Mzee chumba chenye kibaraza kwa nusu bei, na watoto wenu punguzo vilevile. Nilitaka kujua jina la kuandika kwenye keki. Na nimhakikishie Mzee kwamba jikoni wameshaambiwa, hatawekewa mayai, maana mwanenu ameandika yanamletea muwasho."

Nikakaa chini. Sikutafuta kiti, nilikaa tu, juu ya gunia la vifuniko.

Ni kweli mayai yalikuwa yanamletea muwasho. Akila hata kipande cha keki usiku mzima anajikuna, na mimi namsugua mgongo kwa taulo lenye maji baridi, namgombeza. Ni watu wa nyumbani tu wanaolijua jambo hilo. Na sasa linasomwa kwenye simu na binti nisiyemjua, ananiambia mume wangu asiwe na wasiwasi. Roho iliniuma vibaya sana. Nikamwomba binti anipe muda, nitampigia mwenyewe.

Jioni niliwaita wote watatu, tena dukani, si nyumbani. Nyumbani wangekaa kwenye makochi na kuanza kunibembeleza. Dukani kuna stuli moja, na niliikalia mimi. Wakasimama katikati ya masufuria, kifungua mimba na tai yake, nesi na sare ya kazini, kitinda mimba na bisibisi mfukoni.

"Nataka tulinganishe punguzo," nikawaambia. "Si ndicho mlichotaka? Nesi, anza. Mimi nina nini miguuni?"

Nesi akatazama chini. "Mama, ni kuandika tu. Ungekaa kwenye kiti dakika chache pale getini. Ukishapanda unainuka."

"Nainuka vipi? Kwa muujiza? Abiria wapige makofi?"

"Kila mtu anafanya hivyo, Mama."

"Wewe ni nesi! Wagonjwa wa kiti unawajua kwa sura. Umekosa mtu wa kumvunja miguu mpaka ukamkumbuka aliyekuzaa?"

Nikamgeukia kifungua mimba, ambaye alikuwa ameshaanza kukohoa.

"Acha kikohozi. Wewe umenizeesha. Kila mwaka wewe ndiye unayeniambia, Mama hujazeeka, Mama unaweza, Mama endelea na duka. Kumbe uzee wangu umeuweka mahali unasubiri upate soko?"

"Mama, nilikuwa nafikiria bajeti ya wote."

"Bajeti! Na ningefika pale wakaniomba kitambulisho?"

"Ningeongea nao."

"Ungeongea nao, na mimi uniambie nini? Nitembee nimeinama?"

Nesi karibu acheke, nikamtolea macho, akaacha. Kitinda mimba alikuwa amerudi nyuma hadi kwenye rafu. Nilitaka kupaza sauti, lakini sauti ilitoka ndogo.

"Na wewe umemfufua baba yako."

Wale wawili wakageuka. Hawakuwa wanajua. Ile ofa ya kipekee alikuwa amewaficha hata ndugu zake.

"Umefanya nini?" kifungua mimba akauliza.

"Ni ofa ya maadhimisho ya ndoa," akasema kitinda mimba, akiyang'ata maneno. "Ni miaka arobaini mwezi huu, kama baba angekuwepo. Nilihesabu. Nikasema siku ya kuondoka tutawaambia Mzee ameugua ghafla, kabaki nyumbani."

"Ameugua?" nikasema. "Umemtoa kaburini ili umwuguze tena? Ile mara ya kwanza haikututosha?"

Kifungua mimba akaanza kumfokea: hana haya, hana akili, hajui kitu kinaitwa heshima. Nikamwambia anyamaze, mtu aliyeongeza miaka ya mama yake hana wa kumnyooshea kidole.

"Na mayai?" nikamuuliza kitinda mimba. "Mayai uliyaandika ya nini? Hayo nayo yana punguzo?"

Akatikisa kichwa. Akasema, "Waliuliza kila abiria anakula nini. Nilipofika kwa baba nikajikuta naandika tu, Mama. Nikaandika kama vile kweli anakuja."

Hasira yangu ilitikisika hapo, sitasema uongo. Lakini niliishika vizuri isiniponyoke, kwa sababu bado nilikuwa na haki nayo.

"Sikilizeni," nikasema. "Mlinigombania pale sebuleni nikadhani mnanitaka mimi. Kumbe kila mmoja alikuwa anagombania kuponi. Sasa, kama mnanitaka, tutaenda sisi wanne, chumba kimoja, bei kamili. Bei ya watu wenye umri wao na miguu yao. Wakwe na wajukuu watasubiri zamu nyingine. Na kama hamnitaki kwa bei kamili, semeni sasa hivi nifunge duka nikalale."

Wakatazamana. Kifungua mimba akalegeza tai. Nesi akasema, "Twende, Mama," kwa sauti ya chini. Nikampigia yule binti mpole, nikaweka simu kwa sauti kubwa, nikampa kitinda mimba.

"Uliyemwandika, mfute mwenyewe."

Akaishika simu kwa mikono miwili. "Dada, samahani. Yule abiria wa pili, naomba umtoe."

"Mzee ameahirisha?"

"Hapana. Baba yetu amefariki. Alifariki zamani. Nilidanganya."

Tangu msibani sikuwahi kumsikia mtoto huyu akilitamka neno hilo. Siku zote alikuwa anasema "baba hayupo", kana kwamba ametoka kidogo kwenda dukani. Nesi akajiziba mdomo.

Binti akasema, "Poleni sana jamani. Pole, Mama." Mara nikasikia anabofya bofya kitu. "Ila msiwe na wasiwasi. Kwa kuwa Mama ni mjane, tunalo punguzo la wajane, na linalishinda hata lile la maadhimisho. Chumba ni kile kile chenye kibaraza. Niwaandikie hilo?"

Kifungua mimba akainua kichwa. Nesi akaninong'oneza, "Mama, hili si uongo."

Na kweli halikuwa uongo. Ndilo lililoniuma kuliko yale matatu ya uongo. Nilifungua mdomo nikatae, mimi ambaye sijawahi kukosa la kumjibu mtu anayetaja punguzo, na sauti haikutoka. Kitinda mimba akanitazama, akaniona nilivyo.

"Hapana, dada," akasema. "Baba yetu si punguzo. Tuandikie bei kamili, watu wanne."

"Kwa bei hiyo kilichobaki ni chumba cha chini, hakina dirisha. Vitanda vya kupandana."

"Hicho hicho."

Kaka yake akamwekea mkono begani, na hakukohoa. Mimi nikawapa mgongo nikaanza kupanga vifuniko vilivyokwisha pangwa, maana machozi yalikuwa yameshafika, na sikutaka wadhani hasira zimeisha.