Nyongeza Haipandi Pikipiki

Kishikwambi kililia kabla maji ya mchele hayajachemka, na Mama Nyongeza akakisonya kama anavyomsonya kuku wa jirani akiingia jikoni.

"Kinakuita, shemeji," Meneja alisema kutoka ukumbini, alikokuwa akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Nimesikia. Kipokee wewe uliyekileta."

Meneja hakuwa meneja. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, aliyekuja msibani na begi dogo akasahau kuondoka. Kupika hajui, kuosha vyombo mgongo unamuuma, basi akapewa kazi ya kuhudumia meza. Cheo alijipa mwenyewe siku alipokabidhiwa ufunguo wa choo.

Mgahawa wenyewe ni chumba kimoja chenye meza chache, na dirisha linalotazama jikoni. Tangu siku ya kwanza, mteja aliyemaliza sahani yake aliinuka, akaiweka pale dirishani, akapata upawa mwingine wa wali na mchuzi bila kulipa. Hiyo ndiyo nyongeza iliyompa mama huyu jina. Watu walikuwa wakiipita migahawa mingine miwili, yenye vitambaa mezani, kwa ajili ya upawa huo. Waliotuma watoto na mabakuli ili waipate nyongeza wakiwa nyumbani hakuwasikiliza. "Nyongeza ni ya aliyekuja kwa miguu yake," aliwaambia, na mtoto alirudi alivyokuja.

Halafu ikaja Kampuni, ile ya kuagiza chakula kwa simu kikaletwa na pikipiki, na Meneja akakileta kishikwambi chake cha kupokelea oda. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha ukaingia ujumbe: "Mshirika mpendwa, tumekuletea ofa! Sahani ya pili bure!" Chini yake palikuwa na kitufe cha kijani, na Meneja akakibonyeza.

"Mtu amebisha hodi, amekuletea kitu, utamwambia hapana?" alijitetea baadaye, na Mama Nyongeza hakumlaumu, maana hata yeye angefanya hivyohivyo. Kwao, aliyeleta ndiye aliyelipia. Nani angedhani mtu anaweza kuja kwako na kuku wako mwenyewe, akakukabidhi, akangoja shukrani?

Sahani ya pili ilikuwa bure kwa mteja. Mchele, kuku na mafuta vilikuwa vya mama. Ile ya kwanza Kampuni iliimega theluthi ya bei kabla haijapoa, ikaita "ada ya kuonekana," na kilichobaki ikaahidi kukileta mwisho wa mwezi. Basi sufuria zikawa zinatoka tupu kila siku, na kasha la pesa lina pini mbili na kifungo cha shati la Meneja.

Leo mtungi wa gesi ulikuwa mwepesi, unayumba ukiguswa. Muuza gesi wa kona alikuwa amekwisha sema: pesa mkononi, mtungi mgongoni. Na mwenye nyumba alikuwa ameshaleta mtu wa vifuniko vya simu, wakapima chumba kwa hatua huku mama akiwatazama. "Jiko likilala hata siku moja," alisema yule mwenye nyumba kwa upole wa mtu anayekutakia mabaya, "nitajua umeshindwa." Kwa hiyo pesa taslimu ilitakiwa ipatikane mchana huu, la sivyo kesho hakuna moto, na pasipo moto hakuna mgahawa.

Mchana ulipofika, Mama Nyongeza alichungulia dirishani. Ukumbi ulikuwa umejaa. Kila kiti kina mtu.

"Wamerudi," alinong'ona. "Meneja, wamekuja kwa miguu yao. Wahudumie haraka."

"Nimewauliza, shemeji. Kila mtu anasema ameshaagiza."

"Wamemwagiza nani?"

Kishikwambi kikajibu. Kililia mfululizo, oda juu ya oda, na mama alipochungulia tena aliona vichwa vyote vimeinamia simu. Akafunga vifurushi huku ameibana midomo. Aliyekuja kuvichukua ni Helmeti, mtu mzima mwenye pikipiki ya mkopo, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila helmeti. Kuivua na kuivaa, alisema, ni oda moja imekwenda. Helmeti alipokea kifurushi dirishani, akasoma simu yake, akasoma tena, akageuka, akaenda mpaka meza ya pembeni.

"Chakula chako kimefika, Fundi."

"Ahsante. Umewahi leo."

Fundi ndiye fundi cherehani wa duka la pili kutoka hapo, mteja wa tangu mgahawa haujapigwa rangi. Mama Nyongeza akatoka jikoni na upawa mkononi, akamkuta ameshaanza kula.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Umekalia kiti changu."

"Ndiyo."

"Unakula wali wangu."

"Tena leo umeiva vizuri."

"Sasa huyu Helmeti amekuletea kutoka wapi?"

Fundi aliweka kijiko chini. Hakuwa mtu mbaya, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Mama, nikikuagiza wewe napata sahani moja. Nikiiagiza simu napata mbili, ya pili nampelekea mke wangu. Uzi umepanda bei, kitambaa kimepanda. Siku hizi hakuna anayeshona suti, wanakuja na suruali za kutiwa viraka. Nifanyeje?"

"Si ungekaa dukani kwako uletewe huko?"

"Kule hakuna feni."

Watu wakacheka ndani ya vijiko vyao. Fundi akapata nguvu. "Halafu nyongeza, mama, mbona haimo?"

"Ndiyo maana juzi ukatupa nyota mbili?"

"Niliandika ukweli. Chakula kitamu, nyongeza haikufika."

"Na mimi wananilipa kwa umbali," Helmeti aliingilia, sauti ikitokea ndani ya helmeti. "Kutoka dirishani mpaka hapa sijui wataniwekea nini. Lakini nikikataa oda, nashinda sina kazi."

Mama Nyongeza akamwambia Meneja awapigie Kampuni, aweke sauti kubwa. Sauti laini ya binti ikajaza ukumbi.

"Mshirika mpendwa, karibu Idara ya Furaha ya Washirika."

"Mwanangu, nataka hiyo ofa iishe."

"Ofa yako imefanya vizuri sana, mshirika."

"Imemfanyia nani vizuri?"

Bila shaka swali hilo halikuwa kwenye karatasi ya binti. "Itaisha tutakapokujulisha, mshirika."

"Na nikizima hili dude?"

"Ukilizima saa za mlo unashushwa chini kabisa ya orodha, wateja hawatakuona. Una swali lingine?"

"Wewe umekula, mwanangu?"

"Bado, mama," binti alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mtu. Kisha simu ikakatika.

Wakati huohuo moto ulizimika. Haukutoa hata mlio, ulisinyaa tu, na sufuria ya pili ya wali ikabaki nusu mbichi. Mama Nyongeza alijaribu kiberiti, akautikisa mtungi, akauinua kwa mkono mmoja. Kisha akarudi ukumbini.

"Gesi imekwisha. Pesa ya gesi sina, na mnajua kwa nini sina, maana mmeila. Siwalaumu, nani asiyependa cha bure? Ila nina uchungu. Kesho jiko hili likilala, chumba anapewa mtu wa vifuniko vya simu. Mtakuja kukaa humuhumu chini ya feni, mle vifuniko."

Hakuna aliyetafuna. Meneja mwenyewe alisahau kufuta meza.

Fundi ndiye aliyeanza. Alitoa mfukoni kikopo cha vifungo, akachambua sarafu kutoka kwenye vifungo, akaziweka mezani bei kamili ya sahani moja, bei ya mlangoni. "Haya jamani, tusijifanye hatukusikia," akasema. Mwenzake wa meza ya pili akatoa noti iliyokunjwa mara nyingi, na wengine wakafuata, wengine kwa moyo, wengine kwa kutazamwa. Meneja aliuviringisha mtungi mpaka kona, kazi ngumu kuliko zote alizofanya tangu msiba, akarudi na uliojaa, akihema.

Moto ukawaka. Mama Nyongeza alisimama dirishani akagawa nyongeza mpaka ukoko, na machozi aliyafuta kwa mkono wa gauni akasingizia vitunguu.

"Kuanzia leo mama, mimi ni mtu wa miguu," Fundi aliapa akiramba kijiko. "Simu ni ya kupiga."

"Mungu akuzidishie, Fundi."

Jioni ukumbi ulikuwa mtupu. Kishikwambi kililia kwa mlio mpya, wa sherehe. Meneja akasoma: "Hongera, mshirika! Kwa kuwa wateja wanakupenda, tumekuongezea ofa. Jioni hii, sahani ya pili na ya tatu bure!"

"Umebonyeza?"

"Wallahi sijagusa. Safari hii kimejibonyeza chenyewe."

Kikalia tena. Meneja akasoma oda ya kwanza, akasita, akaisoma kwa sauti ya chini. "Sahani tatu. Duka la cherehani, mlango wa pili. Halafu ameandika, 'Mama asisahau nyongeza.'"

Mama Nyongeza alipakua sahani tatu, akazifunga vizuri, kama alivyofunga siku zote.

Helmeti aliingia akitembea. Pikipiki ilikuwa nje ya kituo cha mafuta, haina tone.

"Umekula?" mama akamuuliza.

"Nimebeba tu tangu asubuhi."

Mama akamvutia kiti. Akakwangua sufuria, akajaza sahani wali na mchuzi, akaweka na paja la kuku alilojiwekea mwenyewe. Helmeti aliitazama sahani, akaitazama saa, kisha akaivua helmeti, wakaona kichwa kilichojaa mvi.

"Shemeji, vifurushi vinapoa," Meneja alisema. "Atatupa nyota moja."

"Atupe. Nyota haichemshi maji."

Nje, Fundi alikuwa amesimama mlangoni kwake, simu usoni, shingo imerefuka.

"Mama," aliita, "simu inaniambia dereva yuko njiani."

"Yuko njiani, Fundi," Mama Nyongeza alijibu, akamwongezea Helmeti upawa mwingine. "Anatafuna."