Mistari ya Mkaa

Kwenye ukuta wa chumba cha shangazi kulikuwa na mistari saba ya mkaa, na kando ya kila mstari mwaka wake. Wa chini kabisa ulifika usawa wa kifundo cha mguu; huo shangazi aliuita mvua ya kusalimia. Wa juu ulikipita cherehani chake. Mwaka ule kijito kiliingia bila hodi, kikazoa godoro na vitambaa vya wateja, kikamwachia tope na binti wa kaka yake, bado mtoto mdogo, ambaye shangazi alimbeba mgongoni hadi barabarani.

"Mimi nasahau, mwanangu," alizoea kusema. "Ukuta hausahau."

Binti yule sasa alikuwa mpimaji katika mradi wa kukifufua kijito. Kwa miaka mingi kilikuwa kimebanwa kwenye mfereji wa zege na kukabwa koo na taka; sasa kingerudishiwa kona zake, na matete yangepandwa kingoni. Alipopita vichochoroni kuwaomba watu wajitolee, shangazi ndiye aliyetoka wa kwanza, reki begani, akipiga kelele hadi kwa jirani.

"We fundi viatu, toka! Au soli zako zinaogopa maji?"

"Maji haziyaogopi, mama. Zinaogopa mdomo wako."

Wakavuta matairi, wakavuta magunia, wakavuta hata mlango wa jokofu. Maji yakaanza kupumua.

Kisha mhandisi wa mradi akataka kujua mafuriko yalifika wapi miaka iliyopita. Ofisini hapakuwa na kumbukumbu yoyote. Mpimaji akaukumbuka ukuta, na moyo ukamruka kwa furaha. Shangazi alisogeza kabati mwenyewe, akashika ncha ya futi.

"Pima vizuri. Usiniibie hata inchi."

Hakumwibia. Mhandisi alimsifu mpimaji mbele ya wenzake.

Ramani ilirudi baada ya wiki tatu. Ardhi yote iliyofikiwa na mstari wa juu ilikuwa imepakwa kijani: nyasi na matete, mahali pa maji kutanuka yakikasirika. Nyumba ya kwanza ndani ya kijani ilikuwa ile iliyoutoa mstari.

"Ni kwa shangazi yangu," alisema.

"Ramani haina shangazi," mhandisi alijibu, bila ubaya, na bila kuinua macho.

Alirudia hesabu mara tatu, akitafuta kosa kama mtu anayetafuta pete mchangani. Hapakuwa na kosa. Nyumba mia nne za bondeni zingelala pakavu. Hilo ndilo lililomchoma: angepata kosa, angepata pa kuegemea. Wasio na hati za ardhi walipewa siku kumi na nne wahame, na shangazi hakuwahi kuwa na hati zaidi ya ukuta wake.

Wenzake walijitolea kwenda badala yake kuipaka nyumba ya shangazi alama ya kubomolewa. Alikataa. Akaenda mwenyewe asubuhi, jua likiwaka, kopo la rangi nyekundu mkononi na futi kiunoni.

Shangazi alikuwa anapinda sketi ya shule. Aliliona kopo, akamaliza pindo kwanza.

"Shangazi, sikujua."

"Kupima ulijua." Hakupaza sauti; heri angepaza. "Siku ile mbona hukuniambia mistari inakwenda kufanya nini?"

"Nilidhani itatusaidia."

"Sisi nani?"

Mradi mzima mpimaji alikuwa akisema sisi, vichochoroni, mikutanoni, kwenye ripoti. Hakuwahi kuhesabu nani yumo.

"Hao wa bondeni," shangazi akauliza, "wana watoto?"

"Wengi."

"Basi." Akakata uzi kwa meno.

Akainuka, akachukua kipande cha mkaa jikoni, akapanda kigoda kwa taabu, mkono mmoja ukiegemea bega la binti wa kaka yake, yule mtoto aliyembeba mwaka ule. Juu ya mistari yote saba, juu ya fremu ya mlango, karibu na bati, akachora wa nane. Akaandika mwaka huu. Hapakuwa na wingu lolote angani. Nje kijito kilisikika kikipita juu ya mawe yake mapya, kisafi.

Shangazi alishuka, akajifuta vidole kwenye kanga. Kisha akachomoa ncha ya futi kiunoni mwa mpimaji, akaishikilia sakafuni kama siku ile.

"Haya, mwanangu," akasema. "Pima vizuri."